Thra Hsa Doh na Kitabu Kilichoungua Kisikini

Wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama mliokaa jikoni tangu juzi, vijana wa kwaya, na majirani wote wa Sehemu ya Nne ya kambi hii ya wakimbizi, sisi wa familia tunawasomea maisha ya Thra, yaani mwalimu na mchungaji wetu, Saw Hsa Doh kama yalivyokuwa, si kama yangependeza kusikika, kwa sababu mjane wake, Naw Eh Mwee, ameyapitia maneno haya mstari kwa mstari, na kila mahali tulipoandika kwamba marehemu alikuwa msikivu na mwepesi wa kushaurika, amepafuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1952 katika kijiji cha Htee Mu Kee, wilaya ya Mutraw, akiwa mtoto wa nne wa mzee Saw Tha Dwe na mama Naw Mya Yin, wakulima wa mpunga wa mlimani na walezi wa bustani ya mipopoo. Alianza shule ya kijiji mwaka 1960, akaendelea na sekondari mjini Papun hadi 1971, na walimu wake wote walimsifu kwa akili na kumlaani kwa usahaulifu, maana alisahau kofia kanisani, viatu mtoni, na safari moja alimsahau mdogo wake sokoni, ambaye ndiye anayewasomea historia hii na hajalisahau jambo hilo. Kuanzia 1974 hadi 1978 alisoma chuo cha Biblia kule milimani, chuo kilichohama kila vita vilipokisogelea, wanafunzi wakibeba mbao za kuandikia migongoni.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Naw Eh Mwee, kinyume cha ushauri wa mama mkwe, aliyemwambia bintiye waziwazi, "Mwanangu, huyu ukimtuma maji atakuletea wimbo," na bibi arusi akajibu kwamba nyimbo nazo zinahitajika, jibu ambalo amelijutia, kwa kauli yake mwenyewe, kila msimu wa kiangazi tangu siku hiyo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Naw Paw Wah, Saw Eh Gay na Naw Mu Lar, ambao wote wanaishi Minnesota, ng'ambo ya bahari, na wajukuu saba, na Naw Paw Wah ndiye yule aliyeketi pale mbele na koti zito, maana amekuja moja kwa moja kutoka kwenye theluji.

Marehemu aliwekewa mikono ya uchungaji mwaka 1983 na akatumika katika vijiji vitano, akifundisha watoto asubuhi na kuzika watu jioni, mpaka Februari 1997 kijiji kilipochomwa na askari, nasi sote tukavuka mto wa mpaka kuingia kambi hii. Katika safari ile Pi Htoo, bibi yetu mnayemfahamu, alimzika mwanawe kando ya njia, msituni, bila msalaba wala jiwe, kwa kuwa askari walikuwa nyuma yetu, na tulipofika hapa alimfuata Thra akamwuliza, "Thra, siku ya ufufuo Mungu atamjuaje mwanangu, na mimi mwenyewe siwezi tena kuipata ile njia?" Thra alirudi nyumbani, akakataa mchuzi wa machipukizi ya mianzi, akaanza kuandika kitabu juu ya tumaini la Kikristo, kwa Kikaren chetu, kwa ajili ya watu walioacha makaburi wasiyoweza kuyarudia.

Aliandika zaidi ya miaka kumi. Aliandika kwenye karatasi za mgawo wa mchele, akafuta, akaandika tena, na mwaka 2008 familia ilipopewa nafasi ya wakimbizi kuhamia Minnesota, watoto wote wakakubali, yeye akasema hawezi kuondoka wakati wale anaowaandikia wamebaki, na kwamba kitabu kimebakiza sura moja tu. Naw Eh Mwee aliwasindikiza watoto wake mpaka kwenye basi, akarudi kwenye nyumba ya mianzi, akamwambia, "Baba Paw Wah, nimewaachia wajukuu wangu waende kwa ajili ya karatasi zako, basi hizo karatasi ziwe na maana." Tunalitaja hili ili muelewe yaliyofuata.

Yaliyofuata mnayajua, lakini mjane ameagiza yasomwe. Tarehe 28 Machi 2009 marehemu alitoka nje ya kambi kumsaidia Pi Htoo kuchoma kishamba alichokodi mlimani, akaenda na mfuko wenye karatasi zote za kitabu, zisizo na nakala, kwa sababu alitaka kumsomea bibi sura ya kaburi wakati wa kutafuna tambuu, na ili mfuko usichafuke akauweka juu ya kisiki. Ndugu zangu, kisiki! Kuna mtoto gani wa Kikaren asiyejua kwamba kaka yetu wa zamani, baba wa kabila letu na mkubwa wa mataifa yote, alipewa kitabu na Mungu, akakiweka kisikini huku akipalilia mpunga, moto wa shamba ukakipitia, na ndiyo maana tukazurura vizazi vyote bila kitabu? Thra mwenyewe aliihubiri hadithi hiyo kila mwaka, akipiga mimbari kwa ngumi, akimwita kaka huyo mzembe. Basi siku hiyo aliacha mfuko pale kisikini, akaenda kumtafuta mbuzi aliyepotea, wenzake wakawasha moto kutoka chini, na aliporudi na mbuzi, kisiki kilikuwa kinawaka.

Kambi nzima ilicheka wiki nzima, wengine mkiwa hapa leo na nyuso za huzuni. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia, "Thra, mababu walikosea mara moja, wewe umetukumbusha vizuri." Naw Eh Mwee hakucheka. Alimpikia wali na samaki wa kuvundika kama kawaida, hakumsemesha mpaka mvua za Juni, na alipofungua kinywa alisema neno moja tu, "Minnesota." Thra akajibu kwamba mtu anayengoja ufufuo hawezi kulilia karatasi, naye mkewe akamjibu, "Basi zifufue!" Kilichomrudisha mezani hakikuwa mahubiri yake mwenyewe, kilikuwa Pi Htoo, aliyekuja na kikapu cha popoo na kusema, "Andika upya, Thra, mwanangu bado yuko kule njiani."

Aliandika upya miaka kumi na tatu, na katikati ya kazi hiyo aliendelea kubatiza, kufariji, kupatanisha wanandoa na kupoteza miwani. Mwezi Mei 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na kuanzia hapo yeye alisema na mama Naw Eh Mwee akaandika, wakibishana kila ukurasa, maana mama hakukubali kuandika neno "furaha" mahali ambapo mama mwenyewe aliona machozi tu, na waliosoma sura hizo wanasema ndizo bora kuliko zote.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu wa 2023 figo zilianza kushindwa, na ikabaki sura ya mwisho, ile ya ufufuo, ileile iliyobaki mwaka 2008. Mama aliketi na kalamu, akasema, "Haya, sema, nakusikiliza." Marehemu alimtazama, akasema kwa shida, "Hiyo iandike wewe. Mimi kesho kutwa nitaona, na kitu akionacho mtu, hakitumainii tena. Tumaini linabaki kwa anayebaki." Mama alimwambia, "Yaani wewe hata kufa unanitwika kazi!" Marehemu akacheka upande mmoja wa mdomo, akalala, na tarehe 6 Novemba, saa tatu asubuhi, alifariki katika zahanati ya kambi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa zahanati, walimu na wachungaji wenzake, majirani waliobeba maji na kuni, na Pi Htoo, aliyeketi kando ya kitanda mpaka mwisho. Naw Paw Wah amekuja na tiketi mbili za kurudi, yake na ya mama, na mama ameomba ile ya kwake isogezwe mbele, si kwa sababu hataki kuwaona wajukuu, bali kwa sababu jana, kabla jeneza halijafungwa, alimwomba Pi Htoo amweleze ile njia ya kaburi la mwanawe, mti kwa mti, kama bado anaikumbuka, na ameanza kuiandika sura ile ya mwisho.

Pumzika kwa amani, Baba Paw Wah, mkeo anasema usizoee.