Mashine ya Mirija Miwili

Sogezeni viti, wanangu, niwaone wote watatu bila kugeuza shingo. Na wewe Methodi, usiizime hiyo mashine ya oksijeni hata kama inawakera masikio. Feni yake imechakaa ndiyo maana inanguruma, lakini itafika nitakapofika mimi. Binti yangu Florida ametoka Louisville, Jovini ametoka Buffalo, na tangu asubuhi mmekaa katika sebule hii moja ya Reynoldsburg, huku Marekani, kila mmoja akimtuma Methodi amwambie mwenzake apishe njia. Marehemu mama yenu Flavia angewacheka sana. Mimi pumzi ya kucheka sina, kwa hiyo nitasema tu, nanyi msinikatize.

Nianze na vitu, maana ni vichache. Gari ni la Methodi, aliyekuwa akitoka kazini ghalani bila kulala na kunipeleka hospitali. Koti langu zito apewe Jovini, kwa kuwa baridi ya kwenu haina adabu. Biblia ya mama yenu achukue Florida, na miwani iliyobanwa katikati yake asiitoe, pale ndipo mama alipokuwa amefika. Vyombo vyangu vya ufundi wapeni vijana wa kanisani wanaopenda kufungua redio, na wakiviharibu msiwagombeze, mimi nami niliharibu vingi kabla ya kutengeneza kimoja.

Limebaki lile sanduku la bati pale mezani, ambalo kila mmoja wenu ameniomba kwa simu, kwa siri, kana kwamba mimi nimesahau nina watoto wangapi.

Mnajua nililitengeneza kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, lakini ninyi mlikuwa wadogo. Mtu aliniletea televisheni ya nyeusi na nyeupe iliyokufa, nikaifufua, na baada ya kuifufua tukakuta mawimbi hayafiki kambini, ikawa inaonyesha chenga tu mchana kutwa. Watu wakaenda zao. Mimi nikabaki naitazama, nikajiuliza kwa nini nisubiri picha ya wengine wakati ninaweza kuchora yangu. Nikaokota vipande kwenye vikokotoo vibovu na redio zilizotupwa, nikachora kwenye kioo vijiti viwili na nukta moja katikati, mchezo wa watu wawili kurudishiana mpira, na msimu mzima wa mvua ukaisha nikiihangaikia ile nukta igonge kijiti irudi badala ya kupenya. Watu walipouchoka mchezo huo, nikatenganisha sehemu inayobeba mchezo, nikaitia ndani ya kopo la samaki, ili uchomoe mchezo mmoja na kuchomeka mwingine bila kugusa mashine yenyewe. Betri ilikuwa ya gari. Na sanduku nililikata kutoka kwenye kopo la mafuta ya msaada, lile lenye bendera ya Marekani na mikono miwili inayoshikana.

Yule bwana wa Clintonville anayekusanya mashine za michezo za zamani alipoiona ile bendera, aliniuliza ni kiwanda gani cha Marekani kilichoitengeneza. Nilimwambia ni kiwanda cha Salvatori, nyuma ya bomba la maji. Akasema mimi ni mwanzilishi. Nikamwambia ukweli, kwamba watu wa huku walikuwa wameshatengeneza vitu hivyo miaka mingi kabla yangu, nami sikujua. Nilivumbua kitu kilichokwisha kuvumbuliwa. Wala haikuniuma. Kambini hakuna aliyenitangulia.

Ila kuna jambo moja alilosema hajaliona kwenye mashine nyingine yoyote, naye hakulielewa. Alishika kimoja cha vile vishikio viwili vya kuchezea, akabonyeza, mashine isiwake. Alidhani imekufa. Na wewe Jovini, mwanangu mwenye akili ya haraka, ulikuja na kisu ukitaka kukata waya na kuuunganisha, mtu mmoja aweze kucheza peke yake. Nilikukataza, nawe ukanuna. Sasa nakwambia sababu.

Kwetu Burundi watu waliokosana walikalishwa kwenye mtungi mmoja wa pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, wakainama pamoja mpaka paji la uso la huyu likaribie la yule. Kambini tulikuwa tumeokoka, pombe imekatazwa, na watu waligombana kila siku kwenye bomba la maji bila kuwa na mahali pa kuinama. Basi nikaupitisha umeme kwenye kitufe cha kishikio cha kwanza, halafu cha pili, ndipo urudi kwenye mashine. Bila vidole vya watu wawili haiwaki. Niliwaona wanaume waliotoana damu kwa ajili ya ndoo wakikaa benchi moja, kwanza bila kuangaliana, kisha mmoja akikosa nukta mwenzake akicheka. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya duniani. Mengine ni waya.

Nipe maji, Methodi. Kidogo tu.

Sasa lile lenu. Mama yenu alifia Cheektowaga, pale kando ya Buffalo, nyumbani kwa Jovini, akiwa amekwenda kumwona mjukuu, na redio ikasema theluji kubwa inakuja. Jovini aliogopa barabara zifungwe, mama akae kwenye jokofu wiki nzima kama mtu asiye na wenyewe, akazika upesi. Florida alikuwa njiani anaendesha, akafika akakuta udongo umeshafukiwa na juu yake theluji, hata kaburi halioni. Nilikuwepo, niliwaona wote wawili. Sitamhukumu mtu. Jovini alizika kwa upendo, na Florida alinyimwa haki yake, na yote mawili ni kweli kwa pamoja. Mwaka wa pili huu hamsemezani. Nasema waziwazi, hilo linaniuma kuliko hiki kifua.

Mnizike Buffalo, kando ya Flavia. Na msinishushe kaburini mpaka Florida awe amesimama pale, hata kama theluji itafika magotini, hata kama wenye makaburi watasema wanafunga. Jovini, wewe ndiye utakayewaambia wasubiri. Usimwachie Methodi.

Kuhusu sanduku, nimeshaongea na bwana wa Clintonville. Lisipowaka leo, hapa, mbele yangu, alichukue aliweke kwenye kabati lake la kioo na jina langu chini yake; huko angalau hakuna wa kuligombania. Likiwaka, libaki nanyi, likae mwaka kwa huyu na mwaka kwa yule, na anayelipeleka alipeleke mwenyewe kwa gari, asilitume. Methodi ameshaliunganisha na televisheni. Wewe Methodi huruhusiwi kushika kishikio. Umekuwa waya wao muda mrefu, pumzika.

Florida, shika hicho cha kushoto. Jovini... usinijibu kwa Kiingereza, mwanangu, nimechoka kutafsiri. Shika tu.

Mungu awape... awape kuzeeka mkijuana. Awape watoto watakaogombana na kupatana. Wewe Florida, safari zako zifike kwa wakati. Wewe Jovini, moyo wako upate kupumzika. Methodi... wewe unajua.

Sioni vizuri sasa. Mmeshika? Kuna mlio inapowaka, mfupi, nitaujua. Siusikii. Nasikia hii feni tu. Methodi, sasa izime, kidogo, izime nisikie.

Bonyezeni.

Ndiyo. Ndiyo huo. Nukta inatembea... Florida, usimwonee huruma. Futa machozi, Jovini, hutaiona nukta.