Mlango Haukufunguka

Wasikilizaji wapendwa wa Goma, na nyinyi mnaotusikia kutoka Kiwanja hadi Vitshumbi, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa mtaa wa Mapendo. Mama Séraphine Katungu. Tumemzika wiki hii. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na kila Jumapili alikuwa mtafsiri kanisani. Mtafsiri. Lishikeni hilo neno. Na niwaonye mapema: kumbukumbu hii haina sukari. Inachefua.

Mnajua mambo yanavyokwenda kwetu. Mhubiri anasimama mbele, anatoa Kifaransa. Pembeni yake anasimama mtu wa pili, anakigeuza Kiswahili. Mhubiri akisema "mimi", mtafsiri naye anasema "mimi". Mhubiri akilia, mtafsiri naye hutafuta sauti ya kilio. Ndiyo desturi. Hasemi "huyu anasema kwamba". Anasema mimi.

Mama Séraphine aliiweza kazi hiyo. Binti yake, Patricia, anakumbuka: "Mama alikuwa anameza mate mara moja, halafu maneno inatoka. Ungefikiri ni yeye njo anahubiri."

Aliyehubiri hasa ni Pasteri Prodige. Huyu ni mzaliwa wa Kiwanja. Kiswahili amekinyonya kwa mama yake. Sokoni anapatana bei ya viazi kwa Kiswahili, na akikanyagwa mguu anafoka kwa Kiswahili. Lakini akipanda madhabahuni, ni Kifaransa tu. Bila mtafsiri pembeni alijiona mhubiri wa bei rahisi.

Na Kifaransa chenyewe hakikuwa chake. Mahubiri aliyatoa kwenye simu, mazima mazima, kama yalivyohubiriwa Ulaya. Jumapili moja alisimulia jinsi gari lake lilivyozama kwenye theluji akienda kumwona mgonjwa. Theluji! Mtu wa Kiwanja! Mama Séraphine alitafsiri. Watu wakaangua kicheko, pasteri akadhani ni furaha ya Roho. Mama Henriette wa kwaya, rafiki ya Mama Séraphine, alimuuliza kama haoni haya.

"Uongo ni yake," akajibu. "Mimi niko tu bomba, maji inapita."

Hapo, wasikilizaji, mama yetu alikosea. Marehemu hasifiwi kwa uongo, hasa huyu. Maji machafu huacha harufu hata ndani ya bomba, na yeye alikuja kuijua harufu hiyo kuliko sisi wote.

Sasa nisikilizeni kuhusu mume wake. Papa Honoré alikuwa akileta samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi. Safari moja hakurudi. Nasema tena: hakurudi. Gari lao lilishambuliwa njiani, na kwa kuwa barabara ilifungwa, wenzake walimzika Kiwanja. Kabla habari hazijafika nyumbani, Mama Séraphine alifunga na kuomba. Yeye mwenyewe hakula, lakini kila jioni alipika lituma, ndizi zile zilizopondwa na maharagwe. Akajaza sahani ya mume wake, akaifunika kwa kifuniko cha sufuria kisichoienea. Kila asubuhi chakula kilikuwa kimeganda pale pale.

Haya hakuyasema hadharani. Alimwambia Pasteri Prodige peke yake, siku za kilio, alipokuja kumfariji. Pasteri alimshika mkono. Machozi yakamtoka pasteri mwenyewe. Mama akafungua hadi lile la ndani kabisa: "Nimeshamuambia Mungu, umeniangusha. Lakini ningali naomba, sababu sina mwingine wa kumukasirikia."

Wasikilizaji wapendwa, hayo ndiyo yangekuwa mahubiri. Mtu angeyabeba maneno hayo hadi madhabahuni, kwa ruhusa ya mwenyewe, nusu ya Goma ingepiga magoti. Lakini pasteri alisikia sahani tu.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa hadi nje. "Mon papa," Pasteri Prodige akaanza, na Mama Séraphine akafuata: "Papa yangu alienda Vitshumbi." Hakurudi siku aliyoahidi. Akatafsiri. "Mama yetu akawa anamwekea sahani mezani," pasteri akaendelea. Akatafsiri. Sahani ya lituma. Akatafsiri. Imefunikwa kwa kifuniko cha sufuria. Akatafsiri na hilo. Ulimi ulikuwa umezoea kukimbia, ukasema yote kabla moyo haujafika. Nusu ya msiba wake ilikuwa imeshatoka kwa sauti yake mwenyewe, nayo imekuwa mali ya mwingine.

Kisha pasteri akapaza sauti. Nilifunga! Niliomba! Na mlango ukafunguka, papa yangu akaingia, akafunua sahani, akala!

Mama Séraphine hakutafsiri. Pasteri akarudia kwa Kifaransa, akidhani hakusikia. Akarudia tena, safari hii akimsukuma kwa kiwiko. Watu wakangoja. Ndipo akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Mlango haukufunguka."

Akaweka mikro ya kusemea juu ya kiti, akashuka, akatoka nje. Mwimbaji mmoja akaiokota na kumalizia kwa kelele: "Mlango ukafunguka!" Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele.

Siku iliyofuata Mama Séraphine alimfuata pasteri ofisini. Patricia alikwenda naye, na ndiye aliyetusimulia. Pasteri alikuwa anakula sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Pasteri, sitaki kitu ingine," Mama Séraphine alimwambia. "Simama pale pale, uambie watu kama hakurudi."

"Mama, kwani kuko mubaya gani? Watu wametiwa moyo. Na kwa Mungu hakuna droits d'auteur, hadithi haina mwenyewe." Akalamba mafuta kwenye vidole, kimoja baada ya kingine.

"Bwana yangu eko mu udongo ya Kiwanja. Weye unamulisha lituma mbele ya watu."

"Ni mufano tu, mama."

Mama Séraphine alitoka akatapika nyuma ya jengo. "Mama hakuwa mugonjwa," anasema Patricia. "Aliniambia ni kinyaa."

Wakubwa wa kanisa walikaa, wakaamua kwamba ana roho ya kiburi. Wakamwondoa kwenye kazi ya kutafsiri. Lakini uongo ulishapata miguu, ukatembea mtaa kwa mtaa. Na lililomuumiza zaidi, wasikilizaji, ni hili: wanawake wema, wasiojua kitu, walimfariji kwa hadithi ile ile. "Usikate tamaa, mama. Papa ya pasteri alirudi, na chakula yake ilikuwa ingali ku meza." Alifarijiwa kwa mali yake iliyoibwa!

Mama Henriette alimshauri aachane nayo. "Nilimuambia Mungu anaona. Akanijibu: Mungu anaona, lakini watu njo wanasikia."

Miaka ikapita. Alidai neno moja, hakupewa. Moyo ukamshinda, akafa.

Na nani alitumwa na kanisa kuhubiri kaburini? Pasteri Prodige. Koti jipya, simu mkononi. Akaanza kwa Kifaransa, akasema sentensi moja, akatulia kumngoja mtafsiri. Mtafsiri hakutokea. Wenye kukijua Kifaransa walikuwepo wengi. Wote walitazama chini.

Patricia akasogea. "Pasteri, hapa wote tunasikia Kiswahili. Na mbele ya mahubiri, unijibu kwanza. Ile sahani ya lituma ilikuwa ya papa yangu, Honoré. Alirudi ao hakurudi?"

Pasteri akatazama simu. Masikini, hakuna mtu Ulaya aliyewahi kuhubiri jibu la swali hilo.

"Hakurudi," akasema.

"Siye wa nyuma hatusikie!" Mama Henriette akapiga kelele.

"Hakurudi!"

Msimpigie makofi, wasikilizaji. Neno moja, tena la kukamuliwa, mbele ya jeneza la aliyelingoja. Patricia alimshukuru kwa adabu, akamwomba arudi nyuma, na familia ikamzika mama yao kwa wimbo na Baba Yetu.

Kwa niaba ya redio hii, tunampa pole Patricia, ndugu wote wa Mapendo na wale wa Butembo ambao barabara haikuwaruhusu kufika. Mungu awafute machozi.

Wahubiri mnaotusikia, kama hamna neno, someni Maandiko, waombeeni watu, mkae. Hakuna atakayekufa kwa mahubiri mafupi. Misiba yetu iacheni kwetu.

Nasi tuliopiga vigelegele Jumapili ile, tujiulize. Mjane alikuwa anapita katikati yetu, anatoka nje, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.