Kabla Besi Hajatia Sahihi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe uliyeacha shughuli zako ukaja kumuaga mtu ambaye wengi wanalijua koo lake kuliko sura yake. Mama Mkurugenzi wa studio yetu. Mtayarishaji na mwongozaji. Wachoraji, mafundi sauti, na nyinyi wapaka rangi ambao kila hafla tunawataja mwisho na leo tena nimewataja mwisho, mnisamehe. Shemeji yangu na familia yote mliokaa safu ya mbele. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: hamjambo?

Nashukuru kwa kuitikia. Mimi mkiniuliza nitasema sijambo. Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba nina dakika saba. Nitajitahidi, ingawa siahidi.

Kwa faida ya wageni nijitambulishe. Katika tamthilia yetu ya katuni, ile ya uhalifu iliyodumu misimu tisa, mimi ndiye sauti ya Pasi, tapeli wa suti zisizokunjamana. Mwenzangu tunayemuaga leo ndiye sauti ya Kufuli, mvunja makabati ya chuma asiyefungua mdomo ila kwa lazima. Wale wawili ni wezi, tena wezi wa kutupwa, lakini watu waliwapenda kwa sababu walipendana. Humu ndani mwenzangu huyu tunamwita Besi, kwani akitusalimu asubuhi vikombe vinamwitikia kabatini.

Studio nyingine, ndugu wageni, hurekodi kila mwigizaji peke yake. Leo anaingia huyu, kesho yule, kisha mafundi wanaunga. Mwongozaji wetu alikataa. Alisema urafiki haurekodiwi vipande vipande. Akatukalisha mimi na Besi uso kwa uso katika chumba kisichozidi upana wa choo, vipaza sauti viwili, viti viwili, magoti yetu yakigusana kwa miaka kumi na minne. Ni nani kati yenu aliyekaa na ndugu yake wa damu namna hiyo? Najua harufu ya dawa yake ya kikohozi. Najua akivuta pumzi kwa pua atasema kwa hasira, na akivuta kwa mdomo atatania.

Na kulikuwa na desturi nyingine, yetu peke yetu. Ukurasa wenye siri hupewa yule tu anayetakiwa kuitamka. Mwenzake hana habari, ili mshtuko wake uwe mshtuko kweli.

Ndivyo ilivyokuwa sehemu ya thelathini na nane. Polisi, wakiongozwa na Inspekta, wamelizingira paa ambako Kufuli amejificha. Katika karatasi ya Besi kulikuwa na swali moja tu: "Wamejuaje niko hapa?" Katika yangu kulikuwa na jibu ambalo hakulijua: "Mimi ndiye niliyewaambia." Nilipolisema, Besi aliniangalia. Hakuniangalia Kufuli, aliniangalia Besi. Akanyamaza sekunde tisa nzima, na fundi sauti hakuthubutu kuzima mtambo. Wachoraji mko hapa, mnakumbuka mlivyolalamika: tutachora nini, uso usiofanya chochote kwa sekunde tisa? Mkauchora. Watu wakalia nchi nzima.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu jana."

"Na chakula cha mchana tumekula wote."

"Tumekula."

Akacheka ule mcheko wake wa chini kabisa. "Haya bwana. Kazi ni kazi."

Mimi ndiye niliyelipia uhondo. Mama mkwe wangu alinipakulia chakula wiki nzima bila kunitazama. Fundi viatu wa mtaani kwetu alinirudishia kiatu changu na tundu lake, akaniambia, "Mpelekee Inspekta wako akushonee." Mcheke tu, lakini nilikaa mwezi na viatu vya wazi. Mnajua aliyenitoa aibu ni nani? Ni Besi. Alikwenda mwenyewe mpaka kibandani, akainama, akasema kwa sauti ile ile ya Kufuli: "Mshonee. Ni ndugu yangu." Yule fundi alishona mpaka kile kiatu kisichotoboka.

Huyo ndiye tunayemuaga. Mtu aliyesalitiwa, halafu akaenda kumwombea msaliti wake.

Sasa, mabibi na mabwana, hapa ndipo karatasi hii niliyopewa ofisini inaponitaka niseme kwamba Besi ni nguzo, ni hazina, ni johari, kisha nimkaribishe pale mezani atie sahihi Hati ya Heshima huku wapiga picha wakifanya kazi yao. Imeandikwa vizuri. Mwandishi wake simlaumu. Lakini nikiisoma mpaka mwisho nitakuwa nimemvisha mwenzangu kilemba cha ukoka mbele ya mke wake, nami nimechoka kumvisha.

Naona Mama Mkurugenzi amekunja nne. Naona mshereheshaji ananyoosha vidole viwili. Ndugu yangu, vidole viwili havitatosha. Na tafadhali usizime kipaza sauti, maana mimi hili koo ndilo lililonilea, nitasikika tu.

Besi, nisikilize. Nakuomba usiishike ile kalamu kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka huu niliitwa ghorofa ya tatu, kwa uongozi. Nikaambiwa: Besi anapumzika, daktari amemwonya kuhusu koo, nasi tunataka kuihifadhi sauti yake. Anakuamini. Kaa naye. Nikapewa orodha ya sentensi elfu moja na mia mbili, nyingine hazina maana yoyote. Na baada ya sentensi, vicheko kumi na moja vya namna tofauti. Kukohoa. Kupiga mwayo. Kuita mtu aliye mbali. Kulia.

Siku ya kwanza uliniuliza, "Za nini hizi zote?"

Nikakujibu, "Za kumbukumbu. Vijana watakuja kujifunza."

Ukasema, "Kama umesema wewe, basi." Ukaanza kusoma.

Siku ile, naapa, nilikuwa naamini ninachokuambia. Siku ya tatu niliacha koti langu chumbani nikarudi kulichukua. Wewe ulikuwa nje unamsimulia mlinzi habari za goti lako. Chumba kilikuwa kitupu, na ndani ya chumba kitupu nikamsikia Kufuli anaongea. Anasema maneno ambayo hujawahi kuyasema tangu uzaliwe. Anamwita Pasi kwa jina, anamwambia amerudi. Fundi alipogeuka akaniona, akazima, akasema, "Inajaribiwa tu."

Nilipanda ghorofa ya tatu mbio, koti bado mkononi. Sikufichwa neno. Kutakuwa na msimu wa kumi. Kufuli, aliyezikwa mwishoni mwa msimu wa tisa, atafufuka, na atasemeshwa na kompyuta iliyofundishwa kwa sentensi zako. Nikaambiwa nafasi yangu mimi ipo palepale, alimradi shughuli imalizike kwa utulivu.

Nikasema nini? Hapo ndipo mngetegemea niwaambie nilipiga meza. Nilisema, "Sawa." Neno moja, kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari.

Besi, wewe ulikuwa umewaomba jambo moja tu. Kwenye kikao cha muswada wa msimu wa tisa, sote tukiwepo, ulisema: "Mimi nikiondoka, Kufuli mzikeni. Sitaki aje mtu amwendeshe baada yangu." Meza nzima ikaitikia kwa vichwa. Na mimi niliitikia.

Kisha nikarudi chumbani tukaendelea siku kumi na mbili nyingine. Magoti yetu yaligusana kama kawaida. Nilikuwa nakusahihisha. Nilikuwa nasema, "Rudia hilo, mwisho umekohoa." Ukarudia. Na siku ya kulia, shemeji, sijui kama alikusimulia, siku ya kulia machozi hayakumjia. Alijaribu mara nne, akachoka, akaniambia, "Nisaidie, ndugu yangu, leo nimekauka." Nami nilijua pa kugusa. Nikamwambia, "Kumbuka siku tulipomzika mama yako."

Akalia. Nilimshika bega akiwa analia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na mtambo unarekodi. Kilio kile cha kumlilia mama yake kimo kwenye kompyuta ya watu, na mimi ndiye niliyekichota.

Mtaniuliza niliogopa nini. Nina miaka hamsini na tatu na sijui kazi nyingine. Nilimwambia mke wangu, akasema, "Mwambie leo hii." Nikamwambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi mitano. Kila nilipokuja kwako, Besi, ulinikaribisha ndani kabla sijagonga mara ya pili, nami nilipoiona ile furaha yako nikaanza kuzungumzia mvua. Nilijiambia: atanisamehe tu, alinisamehe kwa fundi viatu, alinisamehe sehemu ya thelathini na nane. Nimeishi juu ya msamaha wako kama mtu anayekaa nyumba ya urithi, hajui hata ufa ulipo. Lakini ile ilikuwa katuni. Pasi alimsaliti Kufuli kwa sababu mwandishi alimwandikia. Mimi hakuna aliyeniandikia.

Sasa lililo mezani. Ukurasa wa kwanza ni wa heshima kweli, una muhuri na jina lako kwa herufi za dhahabu. Wa pili ni shukrani. Wa tatu, chini kabisa, aya ya maandishi madogo, inasema unaridhia sauti yako itumike kwa namna yoyote na wakati wowote. Wa nne ni mahali pa kutia sahihi, na leo hati imefunguliwa tayari kwenye ukurasa huo wa nne, kalamu juu yake, ili usisumbuke. Bila sahihi ile, yale tuliyorekodi hawawezi kuyatumia. Nimeuliza kwa anayejua sheria, nikauliza tena.

Mama Mkurugenzi, sikuja kukuvunjia heshima mbele ya mgeni rasmi. Umetulea wengi humu ndani, na pengine unachofanya ndicho kinachofanywa kila mahali sasa. Pengine hata Besi angekubali, kwa bei ya heshima na kwa masharti yake, kama angeulizwa. Mimi nasema tu kwamba hajaulizwa. Ameletewa keki. Na kama baada ya hafla hii nitaambiwa nikusanye vitu vyangu, nitakusanya, na sitamwambia mtu kwamba nimeonewa.

Shemeji, usinitazame hivyo. Au nitazame, una haki.

Wachoraji, mnaangalia sakafu. Nadhani mlikuwa mmeshaona michoro ya msimu wa kumi. Siwalaumu, mimi nilikuwa na miezi mitano nanyi mlikuwa na wiki mbili. Lakini naona wazi sasa kwamba ukumbi huu umejaa watu tuliojua, tumevaa vizuri, tumekuja kumpigia makofi mtu mmoja asiyejua.

Besi. Nimekuwa nikitafuta neno la kukuomba msamaha tangu asubuhi, na yote yananijia kwa sauti ya Pasi, laini laini, yamenyooka. Kwa hiyo sitaomba. Nimekuambia kabla hujatia sahihi. Hicho tu ndicho nilichoweza kukiokoa, na nimekiokoa nikiwa nimechelewa, mbele za watu, kwa namna inayokuaibisha na wewe. Nilipaswa kukuambia sebuleni kwako.

Naona umesimama. Shemeji, mwachie mkono, goti lake linaweza.

Mpisheni jamani. Mpiga picha, shusha hiyo kamera.

Kwa walio nyuma wasioona: amefika mezani. Kalamu ameisogeza pembeni. Ameirudisha hati kwenye ukurasa wa kwanza. Anapapasa mfukoni, anatafuta miwani. Ameipata. Mimi hajaniangalia, na sidai aniangalie.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nimekuharibia sherehe, unisamehe. Mama Mkurugenzi, nakushukuru kwa kuniruhusu kusimama hapa, ingawa najua hukuniruhusu kwa haya. Ndugu zangu nyote, mmenitegea sikio muda mrefu kuliko nilivyostahili, na kwa hilo asanteni sana.

Amefunua ukurasa wa pili. Tafadhali msipige makofi, mwenzangu anasoma.