Upanga Juu ya Jeneza la Bwana Huenda

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa pili wa fundi viatu, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, ambako kulitundikwa upanga wa zamani, ambao kaka yake mkubwa, huyu aliyeketi mbele na suti mpya, amewaambia watu miaka yote kwamba babu yao alitunukiwa na mfalme wa Arabuni, ingawa babu mwenyewe hakuwahi kulitamka hilo.

Alisoma kuanzia 1955 hadi 1962, na tarehe 2 Februari 1968 akaajiriwa katika jumba la makumbusho, ghala la silaha, kazi yake kusafisha panga za Kiarabu na kuzibandika majina, kazi inayoonekana ya mchezo mpaka uifanye, kwa maana bapa limefuliwa nchi moja, mpini umetiwa nchi nyingine, ala ya kuchomekea imeshonwa ya tatu, chapa ya mhunzi imeigwa na wahunzi kumi, na kila mwenye upanga anautaja kwa jina lake na yuko tayari kuapa. Basi kila alipoulizwa alijibu "huenda", wenzake wakamwita Bwana Huenda, na hata siku ya posa, shangazi wa bibi arusi alipomwuliza kama atamtunza binti yao, alisema huenda, shangazi akacheka, "Bora huyu, wenzake huapa."

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1973, wakajaliwa watoto wanne, na hao peke yao ndio aliowataja asili yao bila huenda, mjane anashukuru.

Mwaka 1981 kaka yake alimletea ule upanga wa nyumbani authibitishe, akaufungua mpini, akauchungulia wiki nzima, akasema bapa huenda ni la Ulaya, mpini huenda wa Kiarabu, ila ala hana shaka nayo, imeshonwa na baba yao, ule ni mshono wa viatu. Kaka akafoka, "Unamvua babu nguo mbele za watu!", asikanyage tena kwa mdogo wake mpaka mdogo huyo alipougua figo Aprili mwaka huu, ndipo kaka akawa haishi kuja na machungwa yake, akiuliza jambo moja tu, kama mgonjwa amebadili kauli, na mjane akawa habanduki kitandani, maana mgeni anayemsalimia mgonjwa huku akimtazama mdomo ana lake jambo.

Hakubadili. Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni.

Jana kaka huyo, shemeji wa mjane, alituma mtu kusema kwamba historia hii itaje upanga wa mfalme, na leo tumeukuta juu ya jeneza, hakuulizwa mtu. Shemeji, mjane amekujua, aliyelala humo hawezi tena kubisha, na litakalosomwa hapa ndilo litakaloitwa kweli kesho. Basi isomwe hivi: huo ni upanga wa zamani, asili yake haijulikani, ala yake ilishonwa na baba yenu, na fundi yule alitosha kujivuniwa. Mwenye jina jingine aliseme sasa, kabla hatujambeba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia bila kuchungulia vyumba, na wenzake wa ghalani waliokuja na mikono ingali na mafuta ya kusafishia vyuma.

Pumzika kwa amani, mzee. Ulilosema limesomwa.