Udongo Uliobaki Kwenye Beseni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi wenye sauti ndogo! Mnanijua. Mimi ni Mama Wakio, yule wa benchi la nyuma karibu na mlango. Kwaya ikianza kuruka, mimi hubaki nimekaa, na najua wengine mmesema ni kiburi. Leo nimesimama. Mchungaji ameniambia nisiwe mrefu, nami nimemwambia nitajaribu.

Nitasema jambo lenyewe mapema msije mkapotea njiani. Mume wangu Mwadime alikufa, na mimi sikumzika. Mwili ulizikwa, ndiyo, kaburi lipo na msalaba upo. Lakini mnajua desturi yetu. Jeneza likishashuka, kila mtu wa nyumba ile anatupa udongo wa kiganja kimoja kabla ya sepeto kuanza, na mjane ndiye wa kwanza. Mimi sikutupa. Hilo ndilo lililokuwa gereza langu, ndugu zangu, na Mungu amenitoa humo kwa njia ambayo hata mimi ningeicheka kama isingenitokea. Amenitoa kwa mboga.

Nilizaliwa hapa hapa Kaloleni. Baba yangu aliletwa Voi na kazi ya reli kutoka magharibi, akakaa, akasahau kurudi. Mimi nikaolewa na Mtaita wa Wusi, na huku mtaani walicheka sana, eti Mluhya ameenda kufundishwa kupanda mlima. Na nilifundishwa! Nilipenda kulima. Sisemi nilijua, nasema nilipenda. Wusi mashamba ni madogo, kwa hiyo tulikuwa na lingine huku chini tambarare, upande ule wa mbuga. Tulipanda mahindi, kunde na pojo. Udongo wa huko ni mwekundu na unakubali kila kitu mvua ikinyesha. Shida ya huko ni ndovu, na nyinyi ndovu mnawajua, sina haja ya kuwaeleza.

Asubuhi ile, ndiyo kwanza kunapambazuka, tulienda kuangalia mahindi. Yalikuwa yameanza kubeba. Tulikuta ua limelazwa na mistari ya mbele imekanyagwa, tukajua wamepita. Tulidhani wamepita wote. Mmoja alikuwa amebaki nyuma ya kichaka cha mwisho, ametulia kabisa, na Mwadime ndiye aliyemwona. Alinisukuma kwenye mtaro tuliochimba wa kukinga maji ya mvua, akaniambia, "Lala! Usiinue kichwa!" Kisha akakimbia upande mwingine akipiga kelele, ili mnyama amfuate yeye.

Nikalala. Uso wangu ulikuwa ndani ya udongo. Ulinijaa mdomoni, puani, ukaniingia machoni. Sikuona lolote, lakini nilisikia yote. Naomba hapo mniruhusu nipite.

Tulimpeleka Wusi, kwao. Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha. Ilipofika zamu yangu, shemeji yangu alinishika mkono akaniwekea udongo kiganjani. Ulikuwa umelowa, baridi. Ndugu zangu, ladha ile ilirudi mdomoni kana kwamba bado niko mtaroni! Nikapiga ukunga, nikakung'uta mkono, na udongo ukaangukia viatu vya mama mkwe wangu mbele ya watu wote. Mama aliviangalia viatu vyake. Tangu siku ile hakusema nami tena. Watu wakanong'ona kwamba yule mwanamke wa mbali amemkataa mume wake kaburini. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na mdomo wa kueleza.

Nikarudi Kaloleni, kwenye nyumba aliyoniachia baba, mimi na mtoto wangu. Nikadhani hofu itaisha. Badala yake ikanifuata hadi jikoni. Viazi sikuweza kuvishika. Mchicha wa sokoni, ule unaouzwa na mizizi yake, nilikuwa nikipita mbali kama mtu anayekwepa mbwa. Kufagia uwanja sikuweza. Nilivaa viatu tangu ninapoamka mpaka ninapolala. Mkulima mzima! Tukala maharage na ugali, ugali na maharage, na mwili ukaniisha.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonivunja ni Wakio. Mtoto anacheza, ni lazima arudi na magoti ya udongo. Nilikuwa nikimwambia akaoge kwanza ndipo aje nimkumbatie. Alilia mwanzoni, kisha akazoea. Ikawa akirudi anasimama pale mlangoni, mikono nyuma, ananisubiri nimwambie aende kuoga. Mtoto mdogo namna ile! Namwona amesimama, nataka kumfikia, na siwezi. Nilitamani kufa, ndugu zangu, nasema ukweli mbele za Mungu.

Niliombewa sana. Wengine mlifunga kwa ajili yangu, Bwana awakumbuke. Wengine walisema ni pepo wa shamba. Mzee mmoja wetu, simtaji na amekaa hapo mbele, alishauri nipakwe udongo uso mzima ili woga uishe mara moja. Nimeshamsamehe, ila bado namwangalia kwa jicho la pembeni.

Ndipo Mungu akamtumia Mshai. Mshai ni jirani yangu, mzaliwa wa Wusi, na kikundi chao cha akina mama kilikuwa kimefundishwa kilimo hiki kinachoitwa haidroponiki. Yaani unapanda mboga bila udongo, mizizi inaning'inia kwenye maji yaliyotiwa chakula chake. Alikuja na bomba jeupe la plastiki lililotobolewa mashimo, ndoo yenye mfuniko, na vipande vya sponji vya kuoteshea mbegu. Akaviweka barazani kwangu, akasema, "Mama Wakio, hapa hakuna udongo hata chembe. Nimekagua mwenyewe." Nililia pale pale. Mtu mwingine angeniambia niwe na imani. Yeye aliniletea bomba.

Mara ya kwanza yote yalikufa. Nilijaza maji ya kisima, haya yetu ya chumvi, kwa sababu mfereji ulikuwa umekauka kama kawaida ya Voi. Majani yakaungua pembeni, mizizi ikawa ya kahawia, ikanuka. Nikakaa chini nikasema nimelaaniwa, udongo umenikataa na sasa maji pia yamenikataa. Mshai akaonja maji kwa kidole, akatema. "Hujalaaniwa wewe, ni chumvi! Umezaliwa Voi na hujui maji ya Voi?" Tukaanza upya kwa maji ya mvua, na mfereji ukirudi tunachota ya akiba. Tukafunika kwa magunia kwa sababu ya jua hili. Kila nikipita naingiza mkono kwenye ndoo, nakoroga, mizizi ipate hewa.

Sukuma wiki ikakubali! Spinachi ikakubali! Asubuhi moja nilivunja majani, nikapika, Wakio akala akaomba tena. Mnajua mkulima aliyekaa muda mrefu bila kuvuna anajisikiaje? Nilishika kitu kinachoota.

Lakini msishangilie bado. Ule haukuwa ukombozi, ndugu zangu. Ilikuwa ni mahali pazuri pa kujificha. Nilikaa na maji yangu safi na mizizi yangu myeupe, nikajiambia nimepona, na bado mtoto anasimama mlangoni. Bado mume wangu analala Wusi ananisubiri. Nilikuwa nikimwomba Mungu aniache hapo hapo, inatosha. Mungu hakukubali.

Siku moja mchana, siku ya soko, nasikia hodi. Nafungua, ni mama mkwe. Ameshuka kutoka Wusi peke yake, na miguu yake ile, amebeba kikapu. Nilimkaribisha, nikampa maji, akanywa bila kuniangalia. Kisha akasema, "Mshai ameniambia unalima."

Nikasema, "Kidogo tu, mama."

Akafungua kikapu, akatoa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Kilikuwa mche wa mnavu, ile mboga ya majani, na bonge la udongo kwenye mizizi. Akasema, "Huu umeota wenyewe juu ya kaburi la Mwadime. Shemeji yako alitaka kuung'oa autupe. Nikamwambia, huu ni wa mke wake. Nionyeshe udongo wako uko wapi, tuupande."

Udongo wangu uko wapi! Mshai alikuwa amemweleza nalima, hakumweleza nalima vipi. Mama alikuwa amebeba mche ule kutoka mlimani kuuleta kwenye nyumba isiyo na udongo. Nilimpeleka barazani, nikamwambia mboga hizi hupandwa majini. Akafunua sponji moja, akaona mizizi inaning'inia. Akatikisa kichwa. "Maskini," akasema, "imevuliwa nguo."

Nikamweleza kwamba mche wake hauwezi kuingia hivyo, udongo ungeziba bomba. Ni lazima mizizi ioshwe kwanza. Nilisema hivyo nikitumaini atakata tamaa aondoke nao. Hakukata tamaa. Aliomba beseni la maji, akaketi kwenye kigoda, akautia mche ndani, akaanza kuosha. Vidole vyake havikunjuki tena vizuri. Maji yakawa mekundu. Nilisimama mbali nikitazama, na nikaona mzizi mmoja umekatika ukaelea juu, kisha mwingine.

"Polepole, mama," nikasema. "Inakatika."

"Basi njoo ufanye wewe."

Ndugu zangu, nilisema, "Yesu, nishike huu mkono, maana mimi siuwezi." Nikapiga magoti, nikaingiza mikono kwenye yale maji. Ladha ilikuja. Lakini mikono ya mama ilikuwa humo humo ndani, na mche ulikuwa kati yetu, na kama ningechomoa mkono kwa nguvu, ungekatika. Nikabaki. Nikaanza kufungua udongo kwenye mizizi taratibu, na nilipokuwa nikiosha nikajikuta nazungumza. Nikamwambia habari za mtaro. Nikamwambia mwanawe alinisukuma, akasema nilale, na nikalala. Nikamwambia udongo ulivyonijaa mdomoni nikimsikia anakufa. Na siku ya mazishi ulipowekwa kiganjani nikarudi mtaroni.

Mama aliacha kuosha. Kisha akasema, "Hakuna aliyeniambia." Akalia, yule mama ambaye hakulia hata kaburini. "Mimi nilikuwa najiuliza, kwa nini mke wake alimtupa mwanangu miguuni pangu? Kila siku najiuliza hilo. Hakuna aliyeniambia."

Tulilia na mikono yetu ndani ya beseni, majirani wanapita wanatuangalia kama wendawazimu.

Mche ulipokuwa safi tuliuzungushia sponji tukauweka kwenye shimo la mwisho la bomba. Mama akainua beseni aende kumwaga. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilipiga kelele, "Usiyamwage, mama!" Kwa sababu humo ndani mlikuwa na udongo wa kaburi la Mwadime, ule ambao sikuutupa. Tukaliweka beseni kivulini. Udongo ukatulia chini, maji ya juu tukamwagia mpapai, na udongo ukabaki.

Wakati huo huo Wakio akarudi kutoka kucheza. Akafika, akaona ana magoti machafu, akasimama pale mlangoni na mikono nyuma, kama alivyozoea. Mikono yangu ilikuwa bado na tope. Nikamwambia, "Njoo hivyo hivyo." Hakuamini. Alimwangalia bibi yake kwanza. "Njoo, mama yangu, hivyo hivyo!" Alikuja. Haleluya! Alikuja!

Udongo ulipokauka niliufunga kwenye pindo la leso, tukapanda Wusi mimi na mtoto. Kulikuwa na ukungu. Mama alitusubiri kaburini na shemeji yangu, na hakukuwa na watu wengine. Mama akasema, "Mjane kwanza." Nilifungua leso. Sikusikia amani yoyote ile inayoimbwa. Nikatupa. Kisha mama akatupa, na shemeji, na Wakio, kwa utaratibu wake, kana kwamba ni siku ile.

Sitawadanganya kwamba nimepona kabisa. Nimewaona wengi wakisimama hapa wakisema yameisha yote, na nafurahi nao, lakini mimi yangu hayajaisha. Shamba la chini sijarudi, limekuwa kichaka, na ndovu wanapita humo wanavyotaka. Viatu bado navaa. Zipo siku bado namwomba Mshai animenyee viazi, na ananimenyea, ila kwa maneno mengi.

Lakini nakuambia wewe uliyekaa nyuma karibu na mlango, maana benchi lile nalijua: Mungu anajua njia ya kuzunguka. Mimi nilimkimbia kwa njia ya udongo, akanifuata kwa njia ya maji. Usione aibu kuanza na kile unachoweza kushika leo, hata kama ni bomba la plastiki. Mkabidhi hicho, na umwamini kwa kile usichoweza. Atakileta mwenyewe mpaka mlangoni, kwenye kikapu.

Mnavu umeshika. Jana tumevunja majani ya kwanza, tukapika, tukala na mama mkwe. Ni mchungu, kama mnavu wote.

Asanteni kwa kunivumilia, na asante Yesu. Mume wangu amezikwa. Bwana asifiwe, ndugu zangu, amezikwa.