Neno la Chaki Kwenye Meza ya Pasi

Wasikilizaji wapendwa, leo nazungumza nanyi kwa sauti ya chini kidogo. Tumempoteza mpiga pasi wa kiwanda cha nguo, yule ambaye wenzake walimwita Mama Msamiati. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na moja.

Mpiga pasi, wasikilizaji. Masomo yake yaliishia shule ya msingi. Lakini kila asubuhi aliandika neno moja gumu la Kiingereza kwa chaki ya fundi cherehani, pembeni mwa meza yake ya pasi. Kufikia jioni mvuke na vitambaa vilikuwa vimeshalifuta. "Likifutika kabla sijalishika, leo nimelala njaa," alimwambia mumewe.

Siku moja alipiga simu kwenye kipindi hiki. Aliuliza maana ya neno "relinquish". Nikacheka hewani. Nikamwuliza, "Mama, hayo mashati unayapiga pasi kwa Kiingereza?" Nikaweka wimbo, kisha nikarudi na maana: kuachia haki yako, usiidai tena. Akasema, "Asante, mwanangu," akakata simu.

Miezi minane baadaye bomba la mvuke likapasuka kiwandani. Wifi yake, aliyefanya kazi meza ya jirani, akaungua mkono wa kulia. Siku ya tatu msimamizi akawapanga mstari. Mezani kuna karatasi ya Kiingereza. "Ni ya mafunzo ya usalama tu. Tia sahihi, rudi kazini." Wa kwanza alikuwa wifi. Mkono una bandeji, kwa hiyo akapakwa wino dole gumba la kushoto.

Mama Msamiati alikuwa nyuma yake. Akaliona lile neno aliloniuliza redioni, mstari wa nne. Sura yake akaitambua, maana ikamkimbia.

Wifi anasimulia: "Dole langu liko juu ya karatasi. Nasikia pumzi yake shingoni. Mara akanishika kiwiko, akakibana mpaka nikaumia."

Msimamizi akatazama saa. "Mama, unachelewesha watu. Kazi unaitaka au huitaki?"

Kazi aliitaka. Mumewe hakuwa na ajira, na watoto watatu walikuwa shuleni. Akafumba macho, midomo inacheza. Pasi zinafuka mvuke. Kisha akasema taratibu, "Wifi, usiweke dole. Hapa tunaachia haki ya mkono wako."

Hakuna aliyetia sahihi. Mkono ulitibiwa kwa gharama ya kiwanda. Yeye alifukuzwa kabla ya saa sita mchana. Miaka iliyobaki alipiga pasi nguo za majirani barazani kwake, na chaki ilikuwa pale pale.

"Nilimwuliza alikumbukaje," anasema wifi. "Akaniambia kwanza alikumbuka alivyochekwa redioni. Maana ikaja nyuma ya kicheko."

Wasikilizaji wapendwa, aliyecheka ni mimi. Na kuna jambo sijawahi kulisema: neno lile hata mimi sikulijua. Nililitafuta kwenye kamusi wimbo ukiendelea.

Baba, watoto, wifi, poleni sana. Nilimcheka hewani, nami namwomba radhi hewani. Nawe unayesikiliza, fikiria ni neno gani umekuwa ukiona aibu kuliuliza. Laini iko wazi. Safari hii sitaweka wimbo.