Fundi Kinu, Aliyetusikiliza kwa Macho

Baba yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kinu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1957, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa mitambo na kuhitimu Novemba 1968. Kwenye cheti chake waliandika: "Mikono mizuri, maneno machache." Maneno machache! Hao walimu hawakuwahi kumpotezea spana.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kinu cha kusaga unga, akakitumikia miaka thelathini na minane. Alikuwa akiweka kiganja kwenye ubavu wa mashine na kukwambia beringi ipi imechoka. Mle ndani watu walielewana kwa kupayuka na kuoneshana vidole, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka masikio yake yalipoanza kufifia.

Tarehe 6 Juni 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule, wakajaliwa watoto wanne. Nyumbani alikuwa mwepesi wa kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Kwa kuitikia huko huko alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, katika kikao ambacho, alikuja kukiri, hakusikia hata neno moja. Wajumbe wanasema hawajapata tena mwenyekiti msikivu kama yeye.

Lakini si wote tuliocheka. Mimi ninayesoma, kitinda mimba wake, niliolewa mwaka 2004 bila kumwambia. Agosti mwaka huo nilimfuata kinuni wakati wa mapumziko ya mchana, mashine zote zimezimwa. Alikuwa ameinama anapaka grisi. Nikasimama nyuma yake, nikasema, "Baba, nimekosa. Nisamehe." Hakugeuka. Nikarudia, hakugeuka. Niliondoka nalia, na kwa miezi kumi na minne sikukanyaga kwao. Nilisema baba yangu ana roho mbaya, Mungu anisamehe.

Aliyegundua ni mama. Aliumwa jino, akajifunga kitambaa mdomoni, na siku mbili nzima baba hakumjibu kitu. Siku ya tatu alikivua kwa hasira.

"We baba watoto, umenisusa?"

"Nikususe kwa lipi tena?"

"Kumbe! Siku zote unanisoma mdomo!"

Baba aliinamisha kichwa. "Mwaka wa sita huu," alisema. "Niliogopa wataniachisha kazi."

Oktoba 2005 mama alimpeleka hospitali. Mtaalamu wa masikio alimweka kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Alibonyeza mara chache mno. Kelele za kinu zilikuwa zimeharibu masikio yasiweze kupona, ila vifaa vya kusaidia kusikia vingemfaa. Wiki tatu vilikaa kabatini, maana vyombo vya jikoni vilimpigia kelele na ndala zake mwenyewe zilimshtua. Wenzake wasiosikia vizuri, waliokuwa wakikutana hospitalini hapo kila Jumamosi, ndio waliomfundisha kuvizoea kidogo kidogo. Sisi walitufundisha kusema naye uso kwa uso, taratibu, bila kupayuka. Kazi hakuachishwa, na hadi anastaafu mwaka 2007 alihakikisha kila mfanyakazi anavaa vizibo vya masikio. Ole wako akukute bila.

Oktoba ile ile ya 2005 mama alinitumia ujumbe, nikaja. Baba alinikalisha mbele yake, mwanga wa dirisha ukinipiga usoni.

"Mfunga magunia aliniambia ulitoka kinuni ukilia. Uliniambia nini?"

Nilirudia maneno yale. Akanishika mikono yote miwili.

"Ningesikia, mwanangu, ningegeuka."

Januari 2023 moyo wake ulianza kumsumbua, na tarehe 2 Mei alilazwa. Muuguzi alipotaka kumvua vifaa ili apumzike, alikataa. "Viache, wanangu wanaongea." Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Mei, sisi tukiwa bado tunaongea.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na wenzake wa Jumamosi, ambao leo wamekaa safu ya mbele.

Ndugu na majirani, mniwie radhi, maneno haya ya mwisho nayasoma nikiwa nimewapa ninyi mgongo. Kwake tulifundishwa kusema uso kwa uso.

Baba, asante kwa kugeuka. Sasa pumzika kwa amani.